Ni Kutu Tu, Mzee

Katika kijiji cha Kwa Muli kulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja hadharani: mwanamke haingii ndani ya ua wa mashine. Ungeweza kuiba mbuzi wa jirani, ukaombewa kanisani Jumapili, ukasamehewa. Ungeweza kusengenya mpaka ulimi uote sugu. Lakini mwanamke akivuka ule ua wa nguzo za mkonge uliozunguka kisima cha pampu, mwendesha mashine anafutwa kazi siku hiyo hiyo na vyombo vyake vinatolewa nje.

Sheria yenyewe ilitoka kwenye mizinga ya nyuki. Wazee wa kamati ya maji walikuwa warina asali karibu wote, na mwenyekiti wao, mzee Kivuva, alikuwa na mizinga sitini juu ya miti, kuanzia hapo mpaka karibu na Kathonzweni. Kila mrina asali wa rika lake alijua kwamba mwanamke akiusogelea mzinga, nyuki huhama. Basi injini ilipoletwa, wazee wakaitazama, wakaisikiliza inavyovuma, wakaona kwamba isipoguswa vizuri hunyamaza ghafla, wakakata shauri bila kubishana kwamba huu nao ni mzinga. Msinicheke mimi. Maji ya vijiji vitatu yalikuwa chini ya sheria ya nyuki, na watu walioitunga walikuwa na akili zao timamu.

Na aliyekuwa akilisafisha tangi la dizeli la mzinga huo, mara mbili kila mwaka, kwa miaka miwili sasa, alikuwa mwanamke. Jina lake Ndila, mke wa Mutie. Mutie ndiye aliyekuwa mwendesha mashine.

Mutie alikuwa fundi, hilo hakuna anayelikataa. Angeweza kuisikiliza injini ikikohoa akakuambia inaumwa wapi. Lakini alikuwa na jambo lake. Akiwa na miaka tisa aliteremka katika shimo la mchanga kwenye mto Thwake kuchota maji kwa kibuyu, na ukuta wa mchanga ukamwangukia. Walimfukua akiwa amepoteza fahamu. Tangu siku hiyo Mutie haingii mahali penye tundu moja. Alilala upande wa mlangoni, na mlango ulizuiwa kwa jiwe usijifunge, hata Julai, baridi ikiingia kama mwenye nyumba. Chooni aliacha mlango wazi na kukohoa kwa nguvu ili watu wapite mbali. Ndila aliyajua hayo wiki ya kwanza ya ndoa, akamsitiri. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Kamati ilipoagiza kwa mara ya kwanza tangi lisafishwe ndani, Mutie alipanda ngazi, akatia mguu mmoja kwenye lile tundu la juu, tundu lenye upana wa ungo wa kupepetea, akabaki hapo anatoka jasho. Kisha akatapika. Ndila alikuwa akimwona kutoka nyuma ya nyumba yao, iliyopakana na ua. Alipenya kwenye pengo la nguzo mbili, akapanda ngazi.

"Shuka, Baba Nzilani," alimwambia. "Nipe hiyo brashi."

Kazi ya kutu aliijua kabla ya kumjua mume. Baba yake alikuwa na duka huko Kitui, ng'ambo ya Athi, akiuza mafuta ya taa ya kupima, na madebe yake yalishika kutu ndani mpaka mafuta yakatoka mekundu. Ndila ndiye aliyeyasafisha. Unatia kokoto nyeupe zenye ncha, unamimina maji ya ukwaju, huo wanaouita nthumula kwao, unaziba mdomo, unaacha mpaka kesho yake. Halafu unatikisa mpaka mabega yalie. Unamwaga, unaanika juani, unasuuza kwa mafuta kidogo ili chuma kisibaki uchi, kwa sababu chuma kikibaki uchi kutu hurudi kabla hujageuka. Hiyo ni kazi ya debe. Tangi la futi kumi huwezi kulitikisa. Inabidi uingie na uwe kokoto wewe mwenyewe.

Mwaka wa kisa hiki ulikuwa elfu moja mia tisa themanini na nne, na njaa yake watu waliipa jina la Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nikiwa nazo, kwa maana pesa zilikuwa mfukoni na dukani hamna kitu. Ng'ombe wa Mutie walikuwa wamebaki ngozi. Shamba lake lilikuwa vumbi. Kilichowaweka hai ni kazi ile: nyumba ya mabati ya vyumba viwili, mali ya kamati, na gunia la mahindi ya njano kila mwezi. Kazi ikienda, na nyumba imekwenda, na gunia limekwenda. Ndila alilala akilijua hilo na kuamka akilijua.

Injini ilikuwa imenyamaza siku kumi na moja. Dizeli ilikuwa imeshuka chini, na kutu ya sakafuni ikaingia kwenye paipu ikaziba kila kitu. Mutie alikuwa amefungua filta na kutoa tope jekundu la kujaza kikombe. Nje ya ua mitungi ya wanawake ilikuwa imepangwa mstari, kila mmoja na jiwe juu yake, na wenyewe walikuja asubuhi kukaa kwenye kivuli wakingoja kusikia mvumo. Lori la dizeli lilikuwa lije Ijumaa. Mutie alilimwaga tangi lote Jumapili jioni, akaacha tundu wazi lipunge hewa, na Jumatano, kabla wanawake hawajafika, Ndila aliingia.

Alivaa suruali kuukuu ya mumewe na kitambaa puani. Alikuwa na tochi, brashi ya waya, kipande cha panga kilichovunjika, kyondo cha kubebea uchafu, na debe la ukwaju uliolowekwa. Taa ya kibatari haiingii humo hata kwa maombi. Alikwangua kuanzia mwisho wa ndani akija nyuma, magotini, mgongo umepinda, kutu ikibanduka kwa magamba. Penye kiungo cha sakafu, palipokuwa pabaya zaidi, alimimina ukwaju, akauacha uitafune kutu, akarudi na brashi, kisha akakausha kwa jivu. Kila mara alipojaza kyondo, Mutie alikivuta kwa kamba. Na kila baada ya muda Mutie aligonga tangi kwa spana mara moja, naye alijibu mara moja kwa kipande cha panga. Uko? Niko. Ndivyo walivyokubaliana.

Ilikuwa kama saa nne na alikuwa amebakiza hatua moja ya sakafu, hapo hapo chini ya tundu, aliposikia honi ya lori.

Kichwa cha Mutie kilitokea kwenye duara la mwanga. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Wamekuja," alinong'ona. "Mwenyekiti yuko ndani ya lori. Mama Nzilani, nyamaza kidogo. Nyamaza tu, nitawaondoa."

"Nivute nitoke!"

"Utaonekana. Wanawake wote wako hapo nje."

Halafu duara likapungua, likawa mwezi mchanga, likaisha. Ndila alisikia kifuniko kikikaa mahali pake. Akasikia boliti ikizungushwa. Akasema moyoni, ni ya kuzuia upepo. Akasikia ya pili.

Hapo ndipo moyo wake ulipogeuka. Kifuniko kingetosha. Kizito kile, nani angekiinua? Lakini boliti mbili, na spana, na aliyezikaza ni mtu ambaye hawezi kulala mlango ukiwa umefungwa. Duniani kote hakuna aliyejua zaidi ya Mutie kufungiwa ni nini, naye ndiye aliyemfanyia. Ndila aliketi kwenye sakafu ya chuma gizani, akashikwa na uchungu uliokuwa mkubwa kuliko woga.

Sauti ziliingia kupitia chuma, nene lakini zikisikika. Ya kwanza ilikuwa ya mzee Kivuva, ambaye hajawahi kusema neno polepole maishani mwake.

"Mutie! Dizeli imefika mapema. Tumebahatika. Huyu kijana wa Murang'a amekubali kupitia huku kwanza kabla ya Mukuyuni."

"Asante, mzee. Lakini tangi haijakuwa tayari. Ijumaa ndiyo ingekuwa..."

"Ijumaa watu watakuwa wamekufa na kiu. Si umesafisha?"

"Nimesafisha, mzee. Imebaki kidogo."

"Kidogo ni kidogo."

"Mimi siwezi ngoja, mzee," ilisema sauti ya kijana, na huyo alikuwa dereva, Evanson Wahome. "Nataka kurudi mjini Salama hii mchana. Hapa nafungua hii kifuniko ndogo ya kujazia, natia mpira, dakika ishirini nimemaliza."

Ndila aliinua macho. Pembeni mwa kifuniko kikubwa kulikuwa na shingo ya paipu, nene kama mkono wa mtu, iliyozibwa kwa kizibo. Ilikuwa mahali pa kujazia. Hawakuhitaji kufungua tundu. Wangeweza kulijaza tangi lote pomoni bila kumwona.

"Kabla ya yote," akasema mtu wa nne, "tumkabidhi Bwana."

Huyo alikuwa Muthama, katibu wa kamati na mzee wa kanisa, na ukisikia Muthama anasema tumkabidhi Bwana, tafuta pa kukaa. Muthama hakuwa mtu mbaya. Lakini sala zake zilianza na uumbaji. Siku hiyo alimshukuru Mungu kwa mbingu, kwa nchi, kwa wanyama wa kila aina, akapita kwa Nuhu, akakaa sana kwa Musa na mwamba uliotoa maji, maana hapo palihusika. Jua nalo lilikuwa limepanda. Tangi lilikuwa juani, chuma kitupu, na Ndila alianza kusikia nyayo zikiungua. Alivua kitambaa cha pua akakikanyaga. Hewa ilikuwa tamu, ule utamu mbaya wa dizeli unaokaa nyuma ya ulimi, na kichwa kilianza kuwa chepesi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Sisi wengine tunasimulia tu.

Alifikiri. Hakuwa na jingine la kufanya. Akigonga, watafungua. Watamkuta ndani ya ua, ndani ya mzinga wenyewe. Jioni hiyo vyombo vyao vitakuwa barabarani, na gunia la mwisho litaliwa njiani kuelekea wapi? Na zaidi ya hayo, Mutie atakuwa mwanamume aliyeshindwa na tundu na akamtuma mke. Watamwimbia wimbo. Kwao wimbo wa namna hiyo mtu huzikwa nao. Asipogonga, basi ni joto, au ni dizeli. Ilikuwa hesabu fupi, na kila upande ulikuwa na ukuta.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja aliyeweza kuifungua kwa neno moja. Atasema, alijiambia. Ananijua. Sala ikiisha atasema.

"...na uibariki dizeli hii, Baba, na mkono ulioileta, na barabara itakayomrudisha..."

"Amina," akasema Wahome kwa sauti kubwa, akitumaini.

"...na utukumbushe pia wana wa Israeli..."

Sala iliisha, kwa sababu kila kitu huisha. Ndila alingoja. Alisikia miguu ikipanda ngazi, miguu mizito, na pumzi za mzee Kivuva. Halafu akasikia vidole vikigonga chuma, ko, ko, ko, juu kidogo ya kichwa chake. Alijua kile kitu. Mrina asali hugonga mzinga hivyo ili ajue kama ni mtupu ama una kitu. Aliziba mdomo kwa mkono.

"Mutie," alisema mzee Kivuva taratibu, kwa mara ya kwanza katika maisha yake. "Hii kitu hailii kama tupu. Huku mwisho inalia. Lakini hapa katikati kuna kitu kimekaa."

Ndila akasema moyoni: Sasa, Baba Nzilani. Sasa. Mzee mwenyewe amekufungulia njia, sema.

"Ni kutu tu, mzee," alisema Mutie.

"Kutu?"

"Kutu tu. Imebaki kidogo hapo chini. Haina shida."

"Basi kama haina shida, jaza," alisema mzee, na kwa kuwa alikuwa amechoka na ngazi, akaketi. Aliketi juu ya kifuniko. Ndila alisikia chuma kikilalamika.

Nimewahi kumsikia mtu akisema kwamba Ndila alilia hapo. Hakulia. Aliniambia alihisi kama mtu aliyeng'olewa jino: kwanza hakuna maumivu, ni pengo tu, na ulimi unakwenda kulitafuta. Kutu. Miaka kumi na mitatu ya ndoa, binti mmoja, Nzilani, aliyezaliwa njiani wakienda kliniki, safari nne ndani ya chuma hiki, na mwisho wake ni kutu, tena haina shida.

Bado alimpa nafasi. Huo ndio upumbavu wa ndoa, au ndio utu wake, mimi sijui. Alijiambia: mpaka mpira uingie. Mpira ukiingia na hajasema, basi.

Kizibo cha shingo kilifunguliwa. Mwali mwembamba wa jua ukaanguka ndani, ukatua kwenye goti lake. Halafu mwali ukazibwa, na mdomo wa mpira ukaingia, mweusi, ukidondosha.

Hakuna aliyesema neno.

Ndila alisimama kadiri tangi lilivyomruhusu, akaushika ule mpira kwa mikono miwili, akausukuma utoke.

"Eh!" alisema Wahome huko juu. "Hii mpira inarudi."

"Sukuma, wewe. Wewe si kijana?" alisema mzee Kivuva.

Wahome akasukuma. Ndila akasukuma. Alikuwa amelima matuta Kwa Muli miaka yote hiyo, na dereva huyu alikuwa ameketi kwenye usukani. Mpira ulimtoka Wahome mkononi ukamgonga kifuani.

"Kuna kitu ndani!" alipiga kelele. "Wallahi, mama yangu Waithera, kuna kitu inashika!" Alikuwa mtu wa kanisa, lakini siku hiyo aliapa kila kiapo alichowahi kusikia stendi ya Salama.

"Nyoka!" alisema Muthama kutoka chini, na sauti yake ilikuwa tayari inakwenda mbali.

Ndipo Ndila alipochukua kipande cha panga akaanza kugonga. Hakugonga ovyo. Mkono wake ulitafuta wenyewe mdundo ulioujua, mdundo wa mwethya, ule wa wanawake wakichimba matuta kwa zamu shamba hadi shamba: mbili nzito, moja nyepesi, mbili nzito, halafu kimya kifupi cha kuinua jembe. Yeye ndiye aliyekuwa mwimbishaji wa kundi lao. Aliugonga moja kwa moja chini ya makalio ya mwenyekiti, kwa nguvu zote alizobakiza, na mzee Kivuva, ambaye nyuki elfu walikuwa wamemuuma usoni bila kupepesa, alishuka ngazi ile bila kutumia vidato.

Nje ya ua, Syombua alikuwa ameketi kwenye mtungi wake. Syombua alikuwa rafiki wa Ndila, mwanamke mfupi mwenye mdomo, aliyekuwa akimtania kila mara kwa nini nyayo zake ni nyekundu kama za mtu anayekanyaga zabibu za Biblia. Aliusikia ule mdundo. Akainua kichwa. Wanawake wengine nao wakainua vichwa, na wawili walianza kuitikia kabla ya kufikiri, kwa mazoea tu.

"Huyo ni Ndila," alisema Syombua. "Ngai! Huyo ni Ndila, na yuko ndani ya hiyo kitu!"

Ua wa mkonge haukuwa na nguvu za kuzuia wanawake arobaini wenye kiu ya siku kumi na moja. Walipita penye mlango na pasipokuwa na mlango. Mzee Kivuva alinyoosha mikono kuwazuia.

"Rudini! Mnaua mashine!"

"Mzee, tupishe," alisema Syombua. "Kuna mtu huko ndani!"

"Ni mke wangu!" alisema Mutie. "Ni mke wangu, fungueni, ni mke wangu!"

Alikuwa amekwisha kupanda ngazi, spana mkononi, lakini spana ikawa inateleza kwenye boliti, inateleza tena. Syombua alimsukuma kando, akaichukua, akafungua ya kwanza, akafungua ya pili. Wanne waliinua kifuniko. Ndila alitoka kichwa kwanza, mwekundu kutoka nywele mpaka vidole, akavutwa nje, akalazwa chini, na wa kwanza kummwagia maji alitumia maji yake ya kunywa ya siku ile.

Alipoweza kuketi, hakumtazama mumewe. Alimtazama mzee Kivuva.

"Imebaki hatua moja hapo chini ya tundu," alisema. "Nimeshaweka ukwaju. Ipanguswe na jivu, halafu dizeli kwa kitambaa, ndipo mjaze. Mkijaza hivyo, itaziba tena."

Hakuna aliyekuwa tayari kuingia. Tundu lilikuwa pale, na wanaume wote wa Kwa Muli waliokimbilia makelele walikuwa wakitazama miguu yao. Basi Syombua akapandisha leso akaingia, akamaliza ile hatua moja huku akitukana kwa sauti iliyovuma ndani ya tangi.

Wahome alijaza dizeli. Mutie alifungua paipu, akatoa hewa, akaizungusha injini kwa mkono. Mara ya kwanza ilikohoa. "Si niliwaambia?" alisema mzee Kivuva. "Imehama." Mara ya pili ilishika. Ilivuma, mvumo safi usio na kikohozi, na wanawake arobaini wakiwa wamesimama ndani ya ua, wengine wameiegemea, maji yakatoka. Vigelegele vilivyopigwa hapo vilisikika mbali. Hata Muthama alirudi.

Sasa nitawaambia kamati ilifanya nini, na muone jinsi wanaume wenye heshima wanavyotoka kwenye shimo. Walikaa pembeni, wajumbe watatu waliokuwapo, wakanong'onezana muda mrefu. Kisha mzee Kivuva akasimama, akakohoa. Alisema kamati imeona. Alisema sheria ni sheria na itabaki, lakini hata katika mizinga kuna malkia. Mutie abaki na kazi yake, na nyumba, na gunia. Na kwa kuwa mama huyu ameonyesha ujuzi wa ajabu, kamati kwa kauli moja imempa ruhusa, yeye peke yake kati ya wanawake wote wa Kwa Muli, kuingia ndani ya tangi kila baada ya miezi sita.

Watu walipiga makofi. Walipiga kwa moyo, maana walidhani ni heshima, na Mutie naye akapiga, machozi yakimtoka, mtu aliyeokolewa. Ndila aliyasikia makofi kama alivyosikia ile boliti ya pili. Alitazama lile tundu jeusi juu ya ngazi. Alikuwa ametoka humo na sasa amerudishwa, kwa sala na shukrani, kwa maisha yake yote. Na angekataa vipi? Nyumba ilikuwa pale pale. Gunia lilikuwa pale pale.

"Nimesikia, wazee," alisema. "Nitaingia. Lakini kile kifuniko hakikai hapa tena. Nitakaa nacho mimi nyumbani kwangu. Hapa mtafunika na bati na jiwe."

"Kifuniko ni mali ya kamati," alisema Muthama.

"Basi kamati iingie."

Mutie alikiinua kile kifuniko begani, chuma kizito chenye matundu ya boliti pembeni, akakibeba mpaka nyumbani nyuma ya mkewe, akipita katikati ya wanawake, na hakuna aliyemwimbia wimbo. Walimpisha tu.

Nyumbani alikiweka chini. Ndila alikuwa ananawa, na maji yalikuwa yakitoka mekundu.

"Mama Nzilani," alisema. "Nilikuwa nataka kusema. Haki ya Mungu. Ulipoanza kugonga, nilikuwa nimeshafungua mdomo."

Labda ni kweli. Syombua, aliyemwona kupitia ua, anasema mdomo ulikuwa wazi. Ndila mwenyewe amelifikiria jambo hilo miaka yote hii, akalipindua huku na huku, kwamba kama angengoja kidogo tu, kiasi cha pumzi moja, angesikia nini.

"Ulisema," alimjibu. "Nilikusikia. Ulisema ni kutu."

Kisha alikibingirisha kile kifuniko mpaka mlangoni, akaliondoa lile jiwe, akakiegemeza chenyewe kwenye mlango usijifunge. Akachukua mto wake kutoka upande wa ukutani, akauweka upande wa mlangoni, mahali Mutie alipokuwa amelala miaka kumi na mitatu.

Mutie alitazama kitanda. Akauchukua mto wa kwake akauhamishia ukutani, akaketi huko kwenye kona, mikono imeshika magoti, akianza kutoka jasho.